Mwalimu wa Chumvi ya Maji

Sisi tuliokaa naye Sydenham, mtaa wa Durban, tulimwita Mwalimu, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Jina lake ni lake, na yuko hai, akitaka atalisema mwenyewe. Mimi nasema niliyoyaona, maana alikaa katika nyumba niliyokuwa nikipangisha vyumba, chumba kilichopakana na jiko langu, tangu mwaka mmoja kabla ya Kombe la Dunia la hapa Afrika Kusini mpaka alipopata nyumba ya kuileta familia yake. Shule niliiacha nikiwa msichana mdogo. Basi nikieleza kazi yake vibaya, kosa ni langu.

Alikuwa mrefu, mkavu, na shati lake lilipigwa pasi hata siku ambayo hakuwa na pa kwenda. Alinawa mikono kabla ya kuingia msalani, tena akanawa akitoka. Dada wa saluni, Mrundi mwenye mdomo aliyepanga chumba cha mbele, hakumwacha kwa hilo.

"Mwalimu, sisi tunanawa tukitoka. Wewe unaogopa kuchafua choo?"

"Mikono yangu imetoka kazini, dada. Siwezi kupeleka dawa za labo mahali pasipostahili."

"Eish! Basi mke wako ana bahati."

Akaenda chumbani kwake. Mambo ya mke wake hakuyafanyia mzaha.

Labo, yaani maabara yake, ilikuwa Westville, chuoni kule juu, mtaa ambao mtu akitembea kwa miguu watu wanamtazama. Alikuwa anatafuta daktorati, shahada ya juu kabisa. Nilimuuliza wiki ile ile aliyohamia, sababu sipangishi mtu ambaye sijui mchana anafanya nini.

"Natengeneza plastiki inayopitisha umeme, Mama."

"Plastiki haipitishi umeme. Ndiyo maana waya zimevikwa plastiki."

"Ndiyo shida yenyewe, Mama. Kwa hiyo nimekaa miaka."

Alinieleza akiwa amesimama mlangoni, kwani hakuwa mtu wa kuingia jikoni kwa mwanamke bila kuitwa. Kuna masizi fulani, alisema, membamba kuliko masizi ya sufuria, nayo yanapitisha umeme vizuri. Ukiyatia ndani ya plastiki, plastiki nayo inapitisha. Lakini masizi hayo yanapendana yenyewe kwa yenyewe. Yanashikana madonge kama unga uliotiwa kwenye maji kwa pupa, na umeme unakwama. Hapo ndipo chumvi yake inapoingia. Si chumvi ya mawe, si ya unga. Ni ya majimaji, nzito kama asali iliyopashwa moto, na ndani yake hakuna maji hata tone. Haikauki, haichemki ikaisha. Ukiisaga pamoja na masizi katika kinu kidogo, madonge yanaachana, unapata uji mweusi. Uji huo anauchanganya na plastiki laini, anaukandamiza katika mashine ya moto, na kinatoka kipande cheusi kinachokunjika kama ulimi wa kiatu.

"Cha kazi gani?"

"Cha kubandika kifuani kwa mgonjwa, mashine isome moyo wake. Vile wanavyotumia sasa vinakauka, vinachubua ngozi ya wazee. Hiki kitabaki laini."

"Na hiyo chumvi inafaa maharagwe?"

"Ukiionja, Mama, utaniachia nyumba."

Alitabasamu. Kwa Mwalimu huo ulikuwa ni mzaha mkubwa.

Kila jambo ambalo halijapimwa alilisemea neno moja: "Bado halijasema." Umeuliza kama mvua itanyesha, bado haijasema. Umeuliza kama sombe yangu, mboga ya majani ya muhogo, imeiva, anaionja kwanza, anafikiri, ndipo anasema imesema. Lilinichosha neno hilo. Lakini nilimwona akilitumia mahali ambapo mtu mwingine angenyamaza apokee sifa. Jumapili moja pasta wetu alimsimamisha mbele ya kanisa akasema, ndugu zangu, tunaye hapa Docteur wetu. Watu wakapiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele. Mwalimu akangoja wamalize, akasema, "Pasta, samahani. Bado." Akakaa. Pasta akabaki na mikono hewani. Wengine waliona ni majivuno. Mimi niliona ni mtu anayeogopa kuvaa koti ambalo hajashonewa.

Alikuwa na mke na watoto watatu Uvira, kule kwetu Kongo, kando ya ziwa. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya yote. Daktorati ikiisha, atapata kazi ya kweli. Akipata kazi ya kweli, atawaleta. Binti mkubwa alikuwa hodari wa hesabu, na Mwalimu alikuwa amemwahidi atasoma hapo hapo Westville. Akisema habari za mtoto huyo, mgongo wake ulinyooka. Aliwahi kuniambia, "Mama, huyu atanipita. Mimi nasaga kwa mkono, yeye atasaga kwa akili." Basi kila mtu nyumbani alijua anangoja nini. Hata dada wa saluni akimtania aliuliza, "Plastiki imeiva leo, tuchinje kuku?"

Mfuko wake nao niuseme. Ulikuwa wa ngozi ya bandia, mpini umeshonwa kwa uzi wa nyavu, na hakutengana nao. Ndani mlikuwa na vipande vyake vyeusi, kila kimoja kimekunjwa katika karatasi. Wenzake waliviacha kazini, ndani ya kabati. Yeye alivibeba asubuhi, akavirudisha jioni, akalala navyo kichwani. Kwa watu wengine ni ushamba. Kwa sisi tuliokimbia, huhitaji kueleza. Kule kwetu alikuwa mwalimu wa kemia, na vyeti vyake vyote alivifungia katika droo ya shule kwa sababu droo ya shule ina kufuli. Vita vilipofika, shule ikaungua na droo yake. Ilimchukua miaka kuthibitisha kwa watu kwamba aliwahi kusoma. Tangu hapo alisema kitu chako kilale unapolala wewe. Mimi mwenyewe, mwaka ule vijana wa hapa walipopita mitaani na marungu kuwafukuza wageni tukakimbilia ukumbi wa kanisa, nilitoka na sufuria moja na karatasi zangu, na mpaka leo karatasi hizo zinalala chini ya godoro. Kwa hiyo sikumcheka.

Sasa niseme upande wake mwingine, maana sitaki mtu adhani namchora malaika.

Jumamosi na Jumapili mchana alichunga magari ya watu yaliyoegeshwa Glenwood, mbele ya maduka, amevaa kile kikoti cha kung'aa. Si aibu. Madaktari wa kwetu wamechunga magari katika mji huu, na mapasta pia. Siku moja nilimpelekea chakula, nikamkuta anaongea na simu, mgongo umenielekea. Gari lilikuwa linapiga honi, mtu mmoja anapaza sauti kwa Kizulu.

"Ndiyo, mama watoto," alikuwa anasema. "Niko ofisini. Ni wanafunzi hao, wanapiga kelele. Ndiyo, mume wako profesa ana kazi nyingi. Salamu kwa wote."

Alipogeuka aliniona. Nikamkabidhi sahani.

"Ofisi yako haina paa," nikasema.

"Mama, nikimwambia nachunga magari hatalala."

"Asilale. Mtu mzima ana haki ya kukosa usingizi."

"Ana mizigo mingi kule peke yake. Huu mmoja nambebea mimi."

"Kanisani ulimkatalia pasta neno moja tu, Docteur. Mke wako umempa profesa mzima."

Akaanza kula. Mwishoni alisema, "Pasta hanitegemei." Nilibeba sahani yangu nikaenda. Nilikasirika, na hasira hiyo sijaimaliza.

Basi yakaja yale ya mvuke.

Vipande vyake vilikuwa vimeanza kusema vizuri. Masika na kiangazi cha hapa, joto la Durban lenye unyevu, ambalo shati linakushika mgongoni, namba zake zilikuwa za kumfurahisha. Profesa wake, mama mmoja wa Kihindi, mkali lakini wa haki, alimwambia aanze kuandika. Mwalimu akampigia mkewe simu kwamba safari imekaribia. Mke akamwambia binti, binti akaanza kujifunza Kiingereza kwa redio.

Kisha ukaja msimu wa baridi, ule upepo mkavu unaoshuka kutoka milimani, midomo inapasuka. Namba zikashuka. Alibadilisha sindano za kupimia, zikashuka. Alisaga uji mpya, ukashuka. Akakonda zaidi, mtu ambaye hakuwa na pa kukonda. Mwisho wa wiki mmoja alipata homa akiwa labo, rafiki akamleta kwa gari, mfuko ukabaki kabatini Westville kwa bahati mbaya. Aliporudi kupima vile vipande vilivyolala kabatini, vilikuwa vibaya kabisa. Akavileta nyumbani. Asubuhi akavipeleka, vikawa vizuri tena.

Jioni hiyo alifika mlangoni kwangu, lakini safari hii aliingia bila kuitwa. Nilikuwa na sufuria mbili kubwa motoni, sombe na maharagwe, kwani ndiyo biashara yangu, nawapikia watu wa saluni na wa maduka ya simu. Dirisha lilikuwa linatiririka maji. Aliutazama ule mvuke kama mtu anayetazama mwizi wake.

"Ni hapa," akasema.

"Ni hapa nini?"

"Chumvi yangu haina maji, Mama, lakini inayapenda. Vipande vinalala ukuta mmoja na jiko lako, vinakunywa mvuke. Kiangazi hewa yote ni mvuke. Umeme ulikuwa unapita kwenye maji, haukupita kwenye kazi yangu."

Dada wa saluni alikuwa amekaa kwenye ndoo anamenya vitunguu. "Sasa si unapita?" akasema. "Unapita, umepita! Peleka, Mwalimu. Nani atakuja kupima jiko la Mama?"

"Hakuna atakayejua," Mwalimu akasema. Alilisema polepole, nikaona ameshalifikiria njiani.

"Ndiyo hivyo! Watoto wako wanakungoja."

"Mgonjwa akitoka jasho, namba itapanda. Akikauka, itashuka. Mashine itasoma moyo ambao haupo."

Vitunguu viliendelea kumenywa. Mimi nilikoroga sombe yangu. Nilimfikiria yule binti na redio yake, na nikamfikiria mzee fulani kitandani, amebandikwa kitu cheusi kifuani. Sikumpa shauri. Hakuniomba.

Asubuhi alikwenda akamweleza profesa kila kitu. Mama yule alimuuliza kwa nini alikuwa anabeba vipande nyumbani, akamjibu, "Kwa sababu ndiko ninakolala." Profesa hakumcheka wala hakumfukuza. Alisema arudie vipimo vyote tangu mwanzo, kwenye hewa kavu, kisha atafute namna ya kukifunga kipande kisinywe maji. Mwaka mzima, na zaidi. Akampa ufunguo wa kabati.

Kuviacha vipande humo ilikuwa kazi kuliko kuvitengeneza. Alinisimulia kwamba siku za kwanza alitoka, akashuka mpaka roboti, zile taa za kuongoza magari chini ya mlima, akasimama, akarudi kutazama kama kabati bado lipo. Mlinzi wa getini akamuuliza anatafuta nini. "Hakuna," akamjibu, "nahesabu kufuli." Nyumbani alilala vibaya. Nilimsikia akigeuka usiku kucha.

Na mke? Ukuta ule ulikuwa mwembamba. Nilimsikia akimwambia: "Chuo kimeniomba nifundishe mwaka mmoja zaidi. Ni heshima. Siwezi kukataa." Kweli yote ya mwili wake alikuwa ameimaliza kwa profesa, hakubakiza ya simu.

Katika mwaka huo ndipo watu walipokuja kumposa binti. Familia yenye ng'ombe, kijana anayefanya biashara ya mafuta ya mawese. Walikuwa wamesikia baba yake ni profesa Afrika Kusini. Walikuja na haraka ya watu waliosikia harufu ya nyama. Mke alipiga simu kuomba neno la baba, kwani bila neno la baba huwezi kupokea hata ng'ombe mmoja. Mwalimu alisikiliza akiwa amesimama uani, mkono juu ya kichwa.

Alikuwa na neno moja tu la kusema: angoje. Lakini angoje nini? Profesa mwenye ofisi na wanafunzi anangoja nini kumleta mtoto wake? Angelisema neno hilo, lingevuta maswali, na maswali yangevuta kikoti cha kung'aa.

"Kama mtoto amekubali," nilimsikia akisema, "basi."

Mtoto alikubali. Mtoto wa kule akiona baba amekubali, atasema nini? Sherehe ilifanyika, Mwalimu akatuma picha yake amevaa suti ya kuazima, wakaitundika ukutani mahali pa baba. Jumamosi ile alichunga magari kama kawaida. Nilipompelekea chakula hakula.

Daktorati aliipata. Hakuna aliyepiga vigelegele kanisani, maana hakumwambia mtu. Pasta alisikia kutoka kwangu. Alipata kazi katika kiwanda cha plastiki nje ya mji, hakuwa profesa, lakini kazi yenye mkataba na bima ya afya. Akapanga nyumba ndogo upande wa pili wa Sydenham, akahama kwangu. Baadaye nikasikia mke na wale watoto wawili wadogo wamefika.

Nilikwenda kuwaona, mwaka elfu mbili na kumi na nne ukielekea mwisho. Nilibeba ndagala, dagaa wetu wa kukausha, maana mgeni wa kutoka ziwani asije akadhani huku tunakula mikate tu. Mwalimu alinifungulia, shati limepigwa pasi. Mke alikuwa mwanamke mfupi, macho makavu, anakutazama mpaka umalize kusema. Nilimpenda hapo hapo. Watoto walikuwa wanamwamkia baba yao kama mgeni, wanasema "shikamoo" halafu wanakimbilia nyuma ya mama.

Tulikula. Nikadhani mambo yamepita. Kumbe mke alikuwa anangoja shahidi.

"Mama," akaniambia, "wewe ulikaa naye. Nimefika hapa, watu wa kanisa wananiambia, mume wako alichunga gari langu vizuri. Mmoja, wa pili. Nikadhani wamemfananisha. Alichunga magari?"

Nilimtazama Mwalimu. Hakuniomba kwa macho nimfiche. Hilo namhesabia.

"Alichunga," nikasema.

"Na uprofesa?"

"Hakuna," Mwalimu mwenyewe akajibu. "Haukuwepo. Nilikuwa mwanafunzi. Mwaka ule niliokwambia wameniomba nifundishe, kazi yangu ilikuwa imeharibika, nilikuwa narudia."

Mke akafuta mikono kwa kitenge, kidole kimoja kimoja.

"Magari si kitu," akasema. "Kaka yangu anabeba mchanga, tunamheshimu. Lakini wale watu walikuja kwa sababu yako. Kwa sababu ya profesa. Mimi nilikaa mbele yao nikajivuna. Mtoto aliniuliza, mama, si baba alisema nitasoma? Nikamwambia baba yako ni mkubwa sasa, anajua anachofanya." Akakitandaza kitenge magotini. "Ungeniambia unarudia, ningesema naye anarudia. Ningewaambia wale watu wangoje. Ningengoja, baba watoto. Mimi kungoja najua."

Mwalimu hakujitetea. Nilitegemea atasema alitaka mkewe alale vizuri, yale ya kikoti na ya ofisi. Alikaa mikono juu ya magoti, na kwa mara ya kwanza nilimwona mzee.

"Yeye bado anaamini?" nikauliza.

"Binti? Anaamini," mke akasema. "Mume wake anatamba kijijini kwamba mkwewe ni profesa. Ana mtoto mgongoni sasa."

Mwalimu aliinuka, akachukua simu mezani. Nikataka kuondoka, akasema, "Kaa, Mama. Ukiondoka nitaanza kupamba." Nikakaa. Mke hakuinuka wala hakumsaidia.

Ilichukua muda kushika. Ilipopokelewa aliziba sikio la pili, kwa sababu nje teksi zilikuwa zinapiga honi kutafuta abiria.

"Baba hapa," akasema. "Hapana, wote wazima. Mama yako yuko. Mtoto wako hajambo? Sikiliza. Unasikia hizo honi? Si wanafunzi. Hawakuwahi kuwa wanafunzi. Mimi sikuwa profesa, mwanangu. Nilikuwa nachunga magari ya watu, na nasoma. Mwaka ule ulipoolewa nilitaka kusema ungoje. Nilikuwa na hilo neno mdomoni. Sikulisema, sababu ningejulikana."

Akangoja. Sisi sote tulingoja, hata wale wadogo walioacha kucheza. Sikusikia binti alisema nini, simu ilikuwa ya kizamani na sauti haikutoka nje. Nilimwona tu baba yake akiwa wima katikati ya chumba, kama siku ile kanisani, ila safari hii hakuwa na cha kukataa.

"Ndiyo," akasema. Kisha tena, baada ya muda mrefu, "Ndiyo, mwanangu. Una haki. Endelea, nasikiliza."